Mkutubi na Mashine ya Mambo ya Wazi

Katika maktaba yetu hakuna mtu mwenye kelele kuliko mkutubi. Karatasi ya TAFADHALI KIMYA imebandikwa ukutani juu ya kichwa chake, naye chini yake huzungumza na simu, na wapitao njiani kupitia dirishani, na vitabu vyenyewe. Kitabu kikirudi na ukurasa uliokunjwa hukiinua akakiuliza, "Nani alokufanya hivi?" kisha akangoja kidogo, kama kwamba kitamtaja mtu.

Sijui alizaliwa mtaa gani wala ni wa ukoo gani, na hapa Mji wa Kale kutojua hayo ni kazi, maana watu hukwambia kabla hujauliza. Mimi sikuuliza kwa sababu siulizi watu vitu. Mimi ni mtu wa aibu. Si ile aibu ya adabu wanayosifiwa watoto wa kike. Yangu ni ya neno kufika mdomoni, likatazama nje, likarudi ndani. Mwalimu akiniita darasani hujibu kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe siisikii. Nilianza kwenda maktaba nikiwa kidato cha pili kwa kuwa nyumbani tuko wengi, na kwa kuwa nilidhani ni mahali ambapo mtu haulizwi kitu.

Mkutubi ni mrefu, mzito wa mwendo, miwani yake imefungwa uzi shingoni lakini kila siku huitafuta. Chakula hakiruhusiwi maktabani. Yeye hutafuna mabuyu asubuhi hadi jioni, na rangi yake nyekundu imeshika kwenye vidole, kwenye mihuri, na baadaye kwenye kompyuta, hasa herufi A. Ukimtazama sana wakati anatafuna hukwambia, "Hii ni dawa ya koo." Koo lake halina kitu.

Kuna jambo lake moja ambalo nalieleza kwanza kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Ana chupa ya chai mezani, na kila anayeingia humwambia, "Karibu chai." Kila anayeingia hujibu, "Ahsante, nimeshakunywa." Wanasema hivyo wote, hata mwenye kuonekana ana kiu. Siku moja akaingia karani mmoja wa bandarini Kilindini, mtu wa bara, mpole, aliyekuwa akisomea mtihani wa kazini. Mkutubi akamwambia karibu chai. Karani akasema, "Ahsante sana, mama," akavuta kiti, akanyosha mkono. Chupa ilikuwa tupu. Nadhani ilikuwa tupu tangu Ramadhani. Mkutubi akaitikisa chupa, akasema, "Eh, kumbe imekwisha," na siku nzima alikuwa na hasira.

"Yule hana akili," akaniambia karani alipotoka.

Nikasema polepole, "Lakini ulimkaribisha."

"Nilimkaribisha. Sikumwambia anywe."

Na huyo ndiye mtu aliyepewa kazi ya kuifundisha kompyuta akili.

Waliokuja na kompyuta hiyo walikuwa vijana watatu wa mradi, wametoka Nairobi, wakaeleza vizuri. Walisema kompyuta inajua hesabu kutushinda sote, lakini haijui kwamba mtu akiingia chumba chenye giza hutafuta swichi, au kwamba mtoto akinyamaza sana kuna kitu anakiharibu. Mambo hayo hayaandikwi vitabuni kwa kuwa kila mtu anayajua. Tena wachache walioyaandika ni watu wa nchi nyingine, kwa hivyo mashine ikisema Kiswahili husema mambo ya kwao. Ilikuwa ikidhani mtu akirudi nyumbani jioni huvua koti lake zito na kuwasha moto ukutani. Wakataka watu wa kawaida, wowote, waje wakae mbele ya kompyuta waiambie yale ambayo hakuna anayefundishwa. Kila sentensi ingehitaji kukubaliwa na watu watatu wa nyumba tofauti, ndipo itumwe. Kama mtaa hauna sentensi za kutosha zilizokubaliwa, mashine itaendelea kutujua kwa maneno ya wengine.

Mkutubi alikubali kabla hawajamaliza kueleza. Wakati huo sikujua kwa nini. Nilidhani anapenda kompyuta.

Kisha akageuka akaniona pembeni. "Wewe binti, waandika upesi?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Basi ndoo ukae hapa. Hutazungumza wewe. Wao ndio watakaozungumza."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi inayonifaa kama ile. Ningejua, ningekataa.

Kwa sababu watu wa kwetu hawasemi mambo ya wazi. Sikuwa nimelitambua hilo hata siku moja, na nilikuwa nikiishi nao. Kumwambia mtu mzima kitu anachokijua ni kumwambia hana akili. Mkutubi alimwita bibi mmoja wa nyumba ya jirani, akapanda ngazi zetu kwa taabu, akakaa, akavuta pumzi. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na swali: Ukimwagikiwa na maji, nguo zako huwaje?

Bibi akatazama kioo, akamtazama Mkutubi. "Umeniita nipande ngazi zote hizi nije nikwambie maji yalowesha?"

"Ndiyo, Bibi. Mashine haijui."

"Mwanangu, mimi nimekukosea nini?"

Akaondoka hajajibu. Mkutubi alikwenda kwake jioni kuomba radhi, akachukua na tende.

Halafu kuna fundi wa cherehani wa hapo chini, mtu wa maskhara, ambaye yeye alipenda kuja. Tatizo lake ni majibu yake. Nilimsomea kwa sauti, na hiyo tayari ilikuwa mateso kwangu, kwamba ukianika nguo juani, nini hutokea. Akasema, "Inategemea jirani." Nikamsomea kwamba mvua ikinyesha watu hufanya nini. "Husema alhamdulillahi." Mkutubi akadakia kutoka mezani kwake, "Halafu?" Fundi akasema, "Halafu huanua nguo, kama jirani hajazianua."

Siku nyingine sentensi ilikuwa, Jua litachomoza kesho. Fundi akasema, "Inshallah."

"Fundi, ndiyo au siyo?" Mkutubi akauliza.

"Nimeshajibu. Inshallah."

"Mashine haina kitufe cha inshallah."

"Basi iletwe yenye kitufe."

Palikuwa na kitufe cha SINA HAKIKA. Nikakibonyeza, kwa fundi na kwa wote waliomfuata, kwa kuwa wote walijibu hivyo hivyo, hata waliokuja na haraka zao. Juma lilipokwisha vijana wa mradi walipiga simu kuuliza kwa nini sehemu yetu ya mji haina hakika kama jua litachomoza. Mkutubi akawauliza, "Na nyinyi mna hakika?" Akawaeleza mambo ya Mwenyezi Mungu kwa muda mrefu, kwa ukali, mpaka wakaomba samahani. Alipoweka simu chini akatoa kichwa dirishani akampigia kelele fundi kuwa amemwaibisha mbele ya watu wa Nairobi.

Ndivyo alivyo. Atakutetea kwa wageni kisha akurudi mwenyewe.

Usemi wake mkubwa siku hizo ulikuwa, "Nataka linalotokea, sitaki linalopasa." Aliusema hadi ukanitoka masikioni. Watu walikuwa wakiiambia mashine yanayopasa. Watoto huwasikiliza wazazi wao. Mwenye duka hupima sawa. Majirani huvumiliana. Hiyo ya tatu ilisemwa na mwanamke ambaye asubuhi ile alikuwa amemwaga ndoo ya maji machafu mlangoni kwa mwenzake, na sisi sote tulimsikia, na Mkutubi alikuwa dirishani akitazama. Wengine wawili wakaikubali ile sentensi hapo hapo. Mtaa tuliouandikia mashine ulikuwa mzuri mno hata nikatamani kuhamia.

Nami niseme kweli, nilichoka. Nilikuwa nikirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Mkutubi alinifokea nikiandika upesi, kwamba sisikilizi, na nikiandika polepole, kwamba nalala. Akiwafokea watu, waliponitazama mimi ilikuwa kama mimi ndiye niliyewafokea. Na mwenyewe alikuwa hawezi lile alilolitaka kwa wengine. Mara moja ilikuja zamu yake ya kukubali sentensi ya mtu mwingine: Watu wengine hudanganya wakiogopa. Akabonyeza SI KWELI.

Nikamtazama.

"Mimi siogopi," akasema, akaendelea na mabuyu yake.

Sababu ya yote aliniambia siku tunapanga viti, akiwa ameinama, bila kunitazama, kwa sauti ile ile ya kugomba, hata mwanzo nilidhani ananigombeza mimi.

Ana mdogo wake wa kike anayekaa Majengo. Mdogo huyo alipokuwa mjamzito aliandikishwa kwenye huduma moja ya simu. Mashine humpigia mjamzito, inamsalimia kwa Kiswahili safi, na kumwuliza hali. Mwenye shida huelekezwa kwa muuguzi. Mdogo wake miguu ilikuwa imefura, na uso, na kichwa kilimpiga usiku na mchana. Simu ikalia. Hujambo mama, unajisikiaje leo? Akajibu, "Sijambo, alhamdulillahi, twashukuru." Mashine ikamwambia vizuri sana, tutaonana juma lijalo, ikakata.

"Ikakata," Mkutubi alisema, na akaweka kiti chini kwa kishindo. "Hakuna mtu akatae salamu. Mtu hukuuliza, ukasema sijambo. Hukuuliza tena, wa nyumbani je, ukasema hawajambo. Hukuuliza mara ya tatu, na wewe mwenyewe hasa je, ndipo ukasema, ah, kichwa tu. Hata mtoto ajua. Ile iliuliza mara moja ikaenda zake."

Walipompeleka hospitali walikuwa wamechelewa. Yeye alipona. Mtoto hakupatikana. Mpaka leo hilo halizungumzi, na ukimwuliza hali husema hajambo.

Kwa hivyo Mkutubi alikuwa anataka sentensi moja. Zile nyingine zote, za maji na jua na nguo, alizikusanya ili wale vijana wasifunge mradi kabla hiyo haijaingia. Aliitunga mwenyewe nami nikaiandika: Mtu wa kwetu akiulizwa hali mara ya kwanza husema hajambo hata kama ni mgonjwa, muulize tena. Palibaki watu watatu wa kuikubali. Alidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Fundi wa cherehani ndiye wa kwanza. Alisoma mwenyewe, midomo ikicheza, na kwa mara ya kwanza hakufanya maskhara. "Hii si kweli. Hii yasema watu ni waongo."

"Fundi, wewe juzi ulikuwa na homa."

"Nilikuwa nayo."

"Nilipokuuliza ulisema nini?"

"Nilisema sijambo. Kwani wewe daktari?"

Akabonyeza SI KWELI. Bibi wa jirani hakupanda tena, lakini tulimsomea chini mlangoni kwake, akasema mtu mgonjwa akisema hajambo ni kwamba Mungu amemjaalia subira, na hilo si la kuambiwa chuma. Na hivyo hivyo kila nyumba. Watu ambao nimewasikia kwa masikio yangu wakisema hawajambo huku wameshika kuta, wote walikataa kwamba watu hufanya hivyo. Mimi nilikuwa nakaa pale mbele ya kioo na moyo unachemka. Waliulizwa kama ni kweli wakajibu kwa adabu, kama vile wameulizwa hali zao.

Nikamsomea mama yangu nyumbani. Alikuwa ameketi jikoni ameweka karafuu kwenye jino, shavu limevimba.

"Si kweli," mama akasema. "Mtu akiwa mgonjwa atasema."

"Mama, na jino?"

"Jino si ugonjwa."

"Baba alipokuuliza asubuhi ulimwambia nini?"

"Nimwambie nini, na yuwaenda kazini?" Akanipa kisu nikate vitunguu.

Mtu mmoja tu aliikubali mara moja, yule karani wa Kilindini. Akaisoma akacheka. "Hii ni kweli kabisa. Hawa watu wa Pwani hawasemi. Mtu anaweza kuwa anakufa, anakuambia salama. Salamu nusu saa, habari hakuna." Akanyosha kidole abonyeze NDIYO. Mkutubi akaja mbio, na simjui kukimbia, akaizima kompyuta kwa kuchomoa waya.

"Umeme," akamwambia karani. Taa zilikuwa zinawaka.

Alipokwenda nikasema, "Alikuwa amekubali."

"Amekubali kwa kutudharau. Siihesabu."

Nilitaka kulia kwa hasira. Tulihitaji watu watatu, tumempata mmoja, na huyo tumemfukuza kwa kuwa amekubali vibaya.

Njia niliiona mimi, kwa bahati. Nilikuwa nawasikiliza wanawake wawili kwenye ngazi wakimsengenya wa tatu, nikatambua kuwa kuhusu mwingine kila mtu ni mkweli. Nikaandika tena: Jirani yako akiulizwa hali mara ya kwanza husema hajambo hata kama ni mgonjwa, muulize tena. Nikamwonyesha Mkutubi. Akasoma, akavua miwani, akaivaa tena.

Wa kwanza kuikubali ni yule mwanamke wa ndoo ya maji machafu. "Huyo? Huyo hata akiwa juu ya jeneza atasema hajambo, mradi mtu asijue la kwake." NDIYO. Fundi akasema, "Kama ni jirani, kweli," NDIYO. Bibi akamtaja jirani mwenyewe kwa jina, na dada zake wote. NDIYO. Sentensi ikatumwa. Mkutubi akanunua viazi vya karai akaleta ndani ya maktaba, tukala juu ya gazeti, wasomaji wakitutazama. Hakunishukuru. Alinipa kiazi kikubwa.

Ikarudi baada ya siku chache. Watu wa mradi walisema ni ndefu na ina mambo mawili ndani yake, na "jirani yako" ni nani, kwa hivyo wameiweka sawa. Walitaka msimamizi, yaani Mkutubi, aikubali ndipo iingie. Walikuwa wameandika: Watu wa Pwani mara nyingi hawasemi ukweli kuhusu afya zao.

Mkutubi aliisoma amesimama. Kulikuwa na vitufe viwili, KUBALI na FUTA. Akabonyeza FUTA.

Nilisimama pia. Sauti ilitoka kabla sijaizuia, na ilikuwa kubwa, na watu waliinua vichwa vyao vitabuni. "Kwa nini umefuta? Maana ni ile ile."

"Siyo ile ile."

"Mashine ingejua. Ingeuliza tena."

"Haingeuliza tena. Hakuna pale palipoandikwa iulize tena. Pameandikwa sisi ni waongo. Ukishajua mtu ni mwongo, wamuuliza mara ya pili kwa nini?" Akakaa. "Mdogo wangu hakudanganya. Aliitika salamu, akangoja aulizwe. Nimwandike mwongo juu ya msiba wake?"

"Basi wandikie uwaeleze."

"Nimewandikia. Wanambia nafasi ni ya maneno machache."

Nilijua alikuwa na haki. Nilijua pia kuwa kule Majengo, na Tudor, na kila mahali, simu zinalia, wanawake wanasema sijambo, na zinakatwa. Hayo mawili nilishindwa kuyaweka pamoja, na mpaka sasa nashindwa. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni baya kuliko matusi. Mradi ulipokwisha walikuja kuichukua kompyuta. Sikuwepo. Nilisikia kwa fundi kwamba Mkutubi aliwaambia wale vijana karibu chai, nao wakasema wameshakunywa, na fundi akaona kuwa huenda walikuwa wamejifunza kitu.

Sikumwona kwa muda mrefu. Nilisikia maktaba hufungwa siku moja kila juma na wanafunzi wanalalamika. Sikujua anakwenda wapi.

Mwezi uliopita nilimsindikiza wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, kliniki. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi nzima mama alikuwa akimwuliza hali naye akisema hajambo, lakini nilimwona akivaa viatu vya kaka kwa kuwa vyake havimwingii. Tangu juzi alikuwa amejifunga leso kichwani, na njiani alisimama akisugua macho, akasema ni vinyota tu. Kule kliniki siku hizi ile huduma ya simu hutumiwa pale pale. Ukishaandikisha jina, unakaa kwenye benchi, simu inalia, mashine inakuuliza, na jibu lako ndilo linalopanga nani atangulie kwa muuguzi. Benchi lilikuwa limejaa. Katikati yake, hana mimba wala mgonjwa, amekaa Mkutubi.

Aliniona. "Umekua," akasema, kama kwamba ni kosa. Akamsogeza mtu, wifi akakaa. Mimi nikasimama.

"Huku wafanya nini?" nikamwuliza.

"Ile nimeshindwa kuifundisha. Nafundisha hawa." Akaonyesha wanawake kwa kidevu. "Nawaambia wasiitike kama mgeni amekuja. Waseme la mwisho kwanza. Hawanisikii. Wasema ni ufidhuli."

Mwanamke aliyekuwa pembeni yake akacheka. "Si ufidhuli? Akusalimu vizuri, wewe umpigie yowe la ugonjwa."

"Haikusalimu, we mwana. Hicho ni chuma."

"Chuma chenye adabu."

Simu ya wifi ikalia. Ile sauti nilikuwa sijawahi kuisikia. Ni nzuri, ya kike, ya upole. Hujambo mama, unajisikiaje leo? Wifi akaweka mtandio sawa, kana kwamba inamwona, na nikajua atakalosema. Mkutubi alimshika goti. "Mwambie kichwa. Mwambie mato yaona nini."

Wifi akafunika simu kwa kiganja. "Nitaanzaje? Ndio kwanza kanisalimu."

Nikaichukua simu mkononi mwake. Nilisema kichwa kinamuuma tangu juzi na anaona vinyota. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Mashine ikasema samahani, haikuelewa, tafadhali jibu kwa neno moja, sijambo au mgonjwa. Benchi lote lilinigeukia. Kumwita mtu mgonjwa mbele za watu, mwenyewe yupo na hajasema, ni kama kumwombea ugonjwa.

"Mgonjwa," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

Wifi akanyang'anya simu yake. "Mimi mgonjwa? Nani kakwambia?" Machozi yalimtoka. Mwanamke wa pembeni akasema astaghfirullah, polepole, akatazama pengine. Lakini mlango ulifunguliwa na muuguzi akamwita wifi kabla ya wote waliomtangulia. Alikaa ndani muda. Muuguzi alipotoka alikuja moja kwa moja kwangu, akaniambia presha ya wifi iko juu sana, gari linaitwa, hatarudi nyumbani leo, nimpigie kaka. Wifi alipitishwa mbele yangu kwenye kiti cha magurudumu. Hakunitazama, na mpaka leo, naye yuko salama na mtoto bado yuko tumboni, bado ananijibu kwa neno moja moja.

Nilimpigia kaka. Nilipomaliza nilikaa pale alipokuwa wifi. Nilidhani Mkutubi ataniambia kitu. Alikuwa anatafuta miwani yake, nayo iko kifuani.

"Sasa itakuwa imejua?" akaniuliza.

"Imemjua huyu mmoja."

"Na wa kesho?"

"Wa kesho haijui."

Akasonya. Nilimwona amechoka kuliko nilivyowahi kumwona, na amekasirika, na sikuweza kujua ni kwa mashine au ni kwetu. Nilitaka kumwambia kwamba nilikosea kuondoka bila kuaga, lakini alikuwa ameshageuka. Simu ya yule mwanamke wa pembeni ilikuwa haijalia bado.

"Hujambo?" Mkutubi akamwuliza.

"Sijambo."

"Nyumbani je?"

"Hawajambo, twashukuru."

"Na wewe hasa?"

Yule mwanamke akatazama simu iliyokuwa pajani mwake, akatazama mlango, akanitazama mimi. "Kwa kuwa wauliza," akasema, akavuta buibui juu kidogo, miguu yake imefura.